Juma Langu la Kwanza la Kulipwa

Chuoni Texas sikuwahi kujua bei ya mpira wa gofu. Nauli, viatu, hoteli, vyote vilikuwa juu ya chuo. Tena ukiharibu una pa kujificha: kwenye mashindano ya vyuo vya Marekani timu hutoa wachezaji 5, zinahesabiwa karatasi 4 zilizo bora, yaani zenye mikwaju michache zaidi, ya tano inawekwa kando. Ya kando ilikuwa yangu mara si haba, na jioni nilishangilia kombe pamoja na wenzangu bila haya.

Ndiyo maana Ijumaa ile ya uwanja wa gofu wa Vipingo naikumbuka kuliko mahafali yangu. Nilikuwa nimerudi Pwani, nimeacha gofu ya ridhaa, na kiingilio nimekilipa kwa pesa za kuazima kwa shangazi. Begi alinibebea rafiki yangu tuliyekua naye tukiokota mipira ya wanachama. Chuoni hakuna kedi. Unabeba mwenyewe, siku nyingine mashimo 36 kuanzia alfajiri. Sasa nilikuwa na mtu wa kumlipa hata nikishindwa.

Raundi ya kwanza nilipiga mikwaju 76. Siku ya pili kusi ilivuma tangu asubuhi, na waliotoka Nairobi waliteseka. Kule juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira unakwenda mbali. Huku hewa ni nzito, mpira unagoma. Mimi Texas ilikuwa imenizoesha upepo. Nilipiga mipira ya chini, mifupi, isiyopendeza kutazama. Kedi wangu alicheka: "Msomi, ndicho walichokufundisha hicho?"

Shimo la 18 mpira wangu ulisimama kama mita mbili na tundu. Nikageuka nyuma kwa mazoea, nimtafute mwenzangu wa timu nijue ana ngapi. Niliwaona watu nisiowajua, mikono viunoni, wakisubiri nimalize.

"Mchujo utakuwa wapi?" nikamuuliza kedi, maana baada ya raundi hiyo ya pili wenye mikwaju mingi hukatwa.

"Utaujuaje hujapiga?" akanijibu.

Mpira ulizunguka mdomo wa tundu, ukaingia. Nikafunga na 73, na jioni jina langu likawa miongoni mwa ya mwisho kabisa kuvuka mchujo.

Niliendelea hivyo misimu kadhaa kabla sijageukia ukufunzi. Leo wazazi wa watoto ninaowafundisha huniuliza kuhusu ufadhili wa Marekani. Kuhusu siku baada ya mahafali hawaulizi, nami huwaeleza hivyo hivyo.

Jumapili nilipokea fungu langu, dogo. Nikamlipa kedi kwa simu palepale kwenye maegesho, akahakikisha ujumbe umeingia ndipo akaniachia begi. Kilichobaki nikampelekea shangazi. Alikirudisha mezani, akasema kiwe kiingilio cha shindano lijalo.

Hakikutosha. Ikabidi aongeze.