Niliidhikisha Mimea Yangu ya Bangi Kabla ya Kuvuna

Nina kibali cha kukuza mimea michache ya bangi kwa matumizi ya dawa, na kwa misimu minne nimekuwa nikilifuatilia swali moja ambalo wakulima wengi wa zao hili hulijibu kwa uhakika mkubwa na ushahidi mdogo: je, mmea ukidhikishwa, yaani ukitiwa dhiki kama jeraha, giza au kiu, siku chache kabla ya kuvunwa, huongeza ulimbo, ule ute unaonata wenye viambato vyake? Mzee aliyenifundisha kazi hii hakuwa na shaka. Wiki moja kabla ya kuvuna alikuwa akipigilia msumari katika shina la kila mmea, na nilipomuuliza sababu alinijibu, "Mwanangu, mmea usiposikia uchungu hautajikinga."

Kauli hiyo ina mantiki yake. Ulimbo hutengenezwa katika vichwa vya vinyweleo vidogo sana vilivyojaa hasa kwenye vijani vinavyolifunika ua jike, na humo ndimo zinamopatikana asidi za THCA na CBDA, ambazo zikipashwa moto hugeuka kuwa THC, kiambato kinacholevya, na CBD, kisicholevya. Ikiwa vinyweleo hivyo ni kinga dhidi ya wadudu na jua kali, kama inavyodhaniwa, basi mmea unaotishwa ungepaswa kuongeza kinga. Jambo ambalo sikulifikiria wakati huo ni kwamba ulimbo hutengenezwa kwa sukari inayotoka katika majani, na jani lenye kiu hufunga vitundu vyake vya kupitishia hewa, likapunguza kazi hiyo hiyo ya kutengeneza sukari.

Msimu wa kwanza nilifanya kila nililosikia kwa wakati mmoja: nilipigilia misumari, nikamwagilia maji ya barafu, kisha nikaifungia mimea gizani kwa saa 48. Maua yalimetameta kweli, nami nikafurahi, lakini sikuwa nimebakiza hata mmea mmoja usioguswa wa kulinganisha nao, kwa hiyo furaha yangu haikuwa ushahidi wa chochote.

Msimu wa pili nilikata vipandikizi 8 kutoka kwa mmea mama mmoja, ili tofauti za mbegu zisiniharibie hesabu. Viwili vilipata msumari, viwili giza, viwili maji ya barafu, na viwili havikuguswa. Baada ya kukausha maua nilipima uzani na kupeleka sampuli maabara. Kilichonifungua macho ni kwamba ile miwili isiyoguswa, iliyotoka kwa mama mmoja na kukaa chini ya taa moja, ilitofautiana yenyewe kwa yenyewe kuliko ilivyotofautiana na mingine yote. Mtu mwenye mmea mmoja uliopigiliwa msumari na mmoja usiopigiliwa anaweza kuthibitisha lolote analotaka. Misumari niliiacha hapo. Kilichobaki kwangu ni kidonda cha kahawia katika shina.

Nilifikiria pia kununua taa ya mionzi ya urujuanimno. Utafiti uliochapishwa mwaka 1987 ulionyesha kwamba mionzi ya aina ya B iliongeza THC katika bangi ya aina yenye THC nyingi, na hadi leo wauzaji wa taa hawachoki kuutaja. Mwaka 2021, hata hivyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada walijaribu mionzi hiyo na hawakupata ongezeko la mavuno wala la asilimia ya viambato. Pesa ya taa ilibaki mfukoni.

Dhiki pekee iliyonipa sababu ya kuendelea ilikuwa kiu. Kutoka chuo hicho hicho, mwaka 2019, ilitoka ripoti ya jaribio ambalo mimea ilinyimwa maji katika wiki ya 7 ya kutoa maua kwa siku 11, na maua yake yakawa na THCA zaidi kwa asilimia 12 na CBDA zaidi kwa asilimia 13 kuliko mimea iliyomwagiliwa kama kawaida, bila kupoteza uzani. Niliisoma kwa pupa. Msimu wa tatu nikafunga maji kwa mimea iliyokuwa katika vyungu vidogo, ikanyauka ndani ya siku tatu, majani ya chini yakakauka, na mmea mmoja ukatoa viungo vya kiume katikati ya maua yake ya kike na kumwaga chavua. Nilivuna mbegu. Nilikuwa nimeisoma idadi ya siku nikaacha kusoma mwendo wenyewe: kule kiu iliingia polepole, mmea ukapata muda wa kujirekebisha, ilhali mimi niliukaba koo.

Msimu wa nne nilitumia vyungu vikubwa na kupanda vipandikizi 8, nusu vya kiu na nusu vya kawaida. Kila asubuhi niliinua chungu kwa mkono kuhisi uzito wake na kupima kwa kipimapembe jinsi majani yalivyolegea, na siku ya tisa, yalipokuwa yamelegea wazi lakini hayajakauka kingo, nilimwagilia tena. Maabara ilionyesha asilimia iliyo juu kidogo kwa mimea ya kiu. Mizani, kwa upande wake, ilionyesha maua mepesi kidogo. Hapa ndipo wengi hujidanganya, kwa kuwa asilimia hupanda hata pale ulimbo usipoongezeka, mradi ua lenyewe limepungua: gramu 10 zenye asilimia 20 zina gramu 2 za kiambato, na gramu 9 zenye asilimia 22 zina gramu 1.98. Nilipozidisha hesabu zangu, makundi yote mawili yalikaribiana mno. Matokeo hayo hayako mbali na ya Chuo Kikuu cha Cornell, ambako mwaka 2021 iliripotiwa kwamba mafuriko, majeraha na dhiki nyingine zilikuwa na athari ndogo katika bangi ya viwandani, ile yenye THC kidogo sana, ya aina yenye CBD nyingi.

Lililonipa tofauti ya kuonekana ni siku ya kuvuna na namna ya kukausha. Sasa nakagua vinyweleo vya maua yenyewe kwa lenzi, si vya majani madogo yanayoyazunguka, kwa sababu hivyo huwahi kukomaa na kumharakisha mtu. Navuna vingi vikishakuwa vyeupe kama maziwa na vichache tu vikiwa vimeanza kugeuka rangi ya kaharabu. Kisha nayatundika maua gizani, katika ubaridi na hewa inayopita taratibu, na siyafinyifinyi, maana vichwa vya ulimbo hukatika kwa kuguswa tu.

Kiu sijaiacha kabisa. Mimea minne kwa kila kundi ni michache mno kumaliza ubishi, kwa hiyo msimu ujao nitarudia kwa vyungu vile vile na kipimapembe kile kile, na safari hii mtu mwingine ndiye atakayepima uzani bila kuambiwa mmea upi ulinyimwa maji.