Twiga mwenye simu, na mkono uliomchora

Mchoraji mmoja wa Tingatinga, mtindo wa uchoraji wa Tanzania, akichora twiga ameshika simu na picha ikanunuliwa, baada ya muda mfupi twiga wenye simu wamejaa kila kibanda. Upya wa namna hiyo uko kwenye wazo, na wazo huchukuliwa kwa kutupa jicho mara moja. Uasilia uko kwenye maamuzi ya mkono, hauibiki upesi.

Edward Saidi Tingatinga, ambaye mtindo huo una jina lake, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akafariki 1972. Vifaa vyake havikuwa vya ajabu: rangi ya mafuta ya dukani na hadibodi ya mraba, mara nyingi kama sentimita 60 kila upande. Chui wake lakini amejaza ubao, nyuma yake patupu. George Lilanga, msanii mwingine wa Tanzania, naye alitumia rangi na ubao wa aina hiyohiyo, akatoa mashetani wenye matumbo na masikio makubwa, kwa kuwa alitokea kwenye uchongaji wa Kimakonde.

Anayetaka kuujua mkono wake ajibane. Rangi nne: nyeusi, nyeupe na mbili za kuchagua. Mnyama mmoja, bila mlima wala mbuyu. Piga msasa ubao, paka rangi ya nyuma tabaka jembamba, uache siku nzima mbali na vumbi. Kisha umbo la mnyama, likauke nalo. Madoa ni ya mwisho.

Hapa ndipo panapoharibika. Rangi ikiwa nzito, juu hushika utando huku chini ni mbichi, na uso hukunjamana. Tapentaini ikizidi, rangi huchuruzika na mng'ao hufa. Doa likitua kwenye rangi mbichi hutanuka, na wenye haraka hulifunika kwa majani (majani mengi ya picha za watalii yana kazi hiyo, nadhani).

Rudia mnyama yuleyule mara tano, kisha zipange mbao ukutani. Tazama mgongo unapindia wapi kila mara, na nafasi gani kati ya doa na doa inajirudia bila kukusudia. Halafu mweleze mwenzako picha yako mojawapo kwa maneno tu, aichore. Yake ikitoka karibu sawa na yako, ulikuwa na wazo tu, rudi ubaoni.