Siku moja na nyumba ya tani mbili nyuma yangu

Saa 11 alfajiri. Kazi yangu ni kuvuta matela ya watu, yale ya kulala, yenye vitanda na jiko ndani. Mwenyewe hutangulia, mimi namfuata na nyumba yake. Napima upepo matairi yakiwa baridi, maana yakishapata moto kipimo kinadanganya. Minyororo naipitisha mkasi chini ya shingo ya tela, ule mkono wa mbele unaoshikana na gari: shingo ikichomoka, inadakwa kabla haijala lami.

Saa 2 asubuhi. Kilomita 80 za kwanza zimeisha, nasimama kukaza nati za magurudumu. Huwa nachekwa kwa hili. Leo moja imekubali robo mzunguko mzima.

Saa 4. Mteremko. Lori linanipita, upepo wake unalipiga tela ubavuni, na mkia wa tela unaanza kuyumba. Kulia, kushoto, kulia zaidi. Mguu unatamani breki ya gari, lakini ukikanyaga tu, tela linakusukuma mgongoni na mnageuka wote. Naachia mafuta, usukani nimeutuliza, kidole kinabana kiswichi cha breki ya tela peke yake, pale chini ya dashibodi. Likanyooka. Kule chini nilikaa dakika kadhaa mikono ikitetemeka.

Nafungua mlango. Makasha, yamepangwa nyuma kabisa, na jana nilipokagua hayakuwapo! Tela likilemewa nyuma hunyanyua shingo, na shingo nyepesi ndiyo inayoleta kuyumba. Shingoni panatakiwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Kwa hili la tani 2, kilo 200 hadi 300. Nayahamisha moja moja hadi mbele kidogo ya ekseli. Dakika 40, na hakuna anayezilipia.

Saa 8 mchana. Kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu. Vuguvugu, safi. Moja lingechoma kuliko wenzake ningejua beringi inalia grisi.

Saa 11 jioni. Kurudi nyuma. Mkono nauweka chini ya usukani. Unakoelekea mkono, ndiko uendako mkia. Msamaria anapiga kelele "njoo, njoo" akiwa amesimama nisipomwona kwenye vioo. Namwomba ahame.

Saa 12. Kabari kwenye matairi kwanza, ndipo naliachanisha. Mwenye tela anauliza mbona nimechelewa. Namwonyesha makasha.

"Aa, hivyo ni vitabu tu."