Unga mweupe wa ukuta wa Raskazone

Niliporudi Tanga likizo, katikati ya masomo yangu ya uzamivu, nilimkuta ami amepata kazi ya kupaka upya nyumba moja ya Raskazone inayotazama bahari. Kabla ya kugusa msasa alipitisha kiganja ukutani, akanionyesha: kilijaa unga mweupe. “Jua limeila,” alisema, nami nikafurahi kupita kiasi, kwa kuwa unga ule, titani dioksidi inayoipa rangi weupe wake, ndio niliokuwa nikiuchunguza maabara, nikipima matukio yake kwa femtosekunde, yaani sekunde moja iliyogawanywa mara milioni ya bilioni.

Nilimweleza kwamba chembe ya unga ikimeza urujuanimno wa jua, mionzi isiyoonekana kwa macho, elektroni hung’oka mahali pake. Ama hurudi palepale na nguvu yake ikaishia kuwa joto, ama huwahiwa na oksijeni iliyonata juu ya chembe, ndipo huzaliwa molekuli kali zinazokatakata gundi ya rangi. Ami, asiyependa kuelezwa nusunusu, akauliza: “Mwanangu, ukuta huu umechukua miaka kuharibika. Hizo femtosekunde zako unazipimia nini?”

Swali hilo lilikuwa zito kuliko mengi niliyoulizwa chuoni. Nilimjibu kwamba miaka hiyo ni jumla ya matukio mafupi mno, na hatima ya elektroni huanza kuamuliwa katika muda ambao hakuna kamera ya kawaida inayoufikia. Kwa hiyo, kwa njia iliyompatia Mmisri Ahmed Zewail Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1999, mpigo wa leza hugawanywa: wa kwanza huamsha molekuli, wa pili huja kuchungulia. Nikamchorea mchangani waendesha baiskeli wawili wanaotoka pamoja Barabara ya Nane kwenda soko la Mgandini, mmoja akizungukia mbali kidogo. Mezani kwetu, kuchelewa huko huletwa na vioo vinavyosogezwa kidogo sana, maana mwanga, pamoja na mbio zake zote, hupita mikromita 0.3 tu kwa femtosekunde moja.

“Na huyo mchunguliaji haharibu kitu?”

Huweza kuharibu, nikasema, ndiyo maana hupunguzwa nguvu, na mpigo wa kuamsha huzibwa kwa zamu ili tulinganishe.

“Basi ivisheni nguo hiyo chembe.”

Nilimwambia kwamba viwanda hufanya hivyohivyo kwa rangi za nje: hufunika chembe kwa utando mwembamba wa silika au alumina. Ami akamwita kijana wake alete debe alilonunua mwenye nyumba, akaanza kutafuta maandishi yanayosema kama rangi ile ni ya ndani au ya nje.