Siku moja maishani mwangu: fundi kompyuta Mbeya, na ile "si unabonyeza tu?"

Watu wakisikia fundi kompyuta wanawaza mtu wa kupiga windo, kujaza nyimbo kwenye flashi na kuua virusi. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa macho kodo nikilinda mashine isiguswe wakati inajibadilisha. Na hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna anayetaka kuilipia.

Saa 12:30 asubuhi. Mwezi wa saba, Mbeya. Aliyewahi kunawa uso kwa maji ya bomba ya huku mwezi huu hahitaji maelezo. Chai, chapati mbili, jaketi, daladala hadi Kabwe.

Saa 2. Nafungua ofisi. Mwalimu mmoja wa Uyole anakuja kuchukua laptopu yake. Ilikuwa na Windows 10, ambayo muda wake wa kupata masasisho ya kawaida uliisha 14 Oktoba 2025, na kwa bahati yake mashine ina prosesa inayokubalika na chipu ya usalama ya TPM 2.0, kwa hiyo Windows 11 inaikubali bila kulazimisha. Nimeshamnakilia mafaili yake kwenye hadi diski ya nje, na yeye anataka aishushe hiyo Windows 11 nyumbani kwa bando lake. Nikamwambia: chomeka chaji, na ikijizima ikawaka inaandika asilimia, iache. Akasema ameelewa.

Saa 3 na kitu simu inaita. Mama mmoja mwenye steshenari maeneo ya Iyunga, karibu na chuo. "Fundi, kompyuta imekuwa nyeusi. Wanafunzi wamejaa hapa wanataka kuprinti risechi. Njoo sasa hivi." Nikachukua begi, UPS yangu ndogo (betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika) na bajaji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hebu iangalie hiyo."

Ana kompyuta mbili za mezani, zote nilimwekea Ubuntu 22.04, mfumo wa Linux unaokaa mahali pa windo, kwa sababu ni za zamani na windo ilikuwa inazilemea. Tulikubaliana ningekuja wiki hii kuzipandisha hadi 24.04. Kijana wake wa dukani akaona kusubiri ni kupoteza hela. Akatazama video kwenye simu, akaingia kwenye orodha ya vyanzo ambako mashine inachukua programu, akafuta neno "jammy" (jina la 22.04) akaandika "noble" (jina la 24.04), kisha akafungua dirisha la terminali, lile la kuandika amri, palepale kwenye desktopu, muziki unaimba kwenye brauza, akaamuru mfumo mzima ubadilishwe. Katikati desktopu ikaanza kuchezacheza, madirisha yakaganda. Akafunga dirisha. Akawasha upya. Kioo cheusi, mshale mweupe, basi.

"Kwani si unabonyeza tu?" akaniuliza. Nimeulizwa hilo mara nyingi hata sikasiriki tena.

Kwenye Linux, kile unachokiona, yaani menyu, madirisha, picha ya Mlima Loleza uliyoweka nyuma, ni programu kama programu nyingine, nayo imo kwenye orodha ya vitu vinavyong'olewa na kuwekwa vipya. Ukiendesha zoezi ukiwa ndani yake, ni kuezeka nyumba upya huku wenyewe wamelala ndani. Mara nyingi kunakucha salama. Siku desktopu ikianguka katikati, inaanguka na dirisha la terminali, na amri iliyokuwa ndani ya dirisha hilo inakufa nayo. Vifurushi vingine vya programu vimeshafunguliwa lakini havijapangwa, vingine bado ni vya toleo la zamani, na mashine haijui iko toleo gani. Si siri hii. Debian, ambayo Ubuntu imejengwa juu yake, kwa miaka mingi waraka wake wa matoleo umekuwa ukishauri kazi hii ifanyiwe kwenye konsoli ya maandishi matupu, isiyo na desktopu, au kwa mbali kutoka kompyuta nyingine kupitia ssh. Fedora, Linux nyingine, ndiyo imeenda mbali zaidi: inashusha kila kitu kwanza, inajizima, kisha inabadilisha kabla desktopu haijaamka. Windows nayo ndiyo maana inakufukuza na kukuonyesha asilimia.

Basi Ctrl+Alt+F3, vitufe vya kukupeleka kwenye konsoli hiyo. Kioo cheusi kikaniletea sehemu ya kuandika jina. Wanafunzi waliokuwa nyuma yangu wakanyamaza kidogo. Nikaingia, nikaandika `sudo dpkg --configure -a`, yaani maliza kupanga vilivyoachwa njiani. Mistari ikaanza kushuka. Ikakwama kwenye kifurushi kimoja kinachomsubiri mwenzake ambaye hayupo. `sudo apt --fix-broken install`, yaani leta kinachokosekana. Ikashuka tena. Uzuri ni kwamba vifurushi vingi vilikuwa vimeshashushwa vikahifadhiwa ndani ya mashine, kwa hiyo bando halikuumia sana. Nikarudia hizo mbili kwa zamu, kisha nikamalizia na `full-upgrade`, ya kupandisha vilivyobaki.

Muda wote huo mama anahudumia kwa kompyuta moja na kunihesabia wateja wanaoondoka. "Huyo mwingine kaondoka fundi. Kaenda kwa jirani huyo."

Saa 6 na nusu ikawaka. Desktopu mpya, printa inasoma. Kijana akapiga makofi. Mama akauliza, "Na hiyo nyingine?"

Ningekula kwanza. Sikula.

Ya pili nikaifanya ninavyotaka mimi. Nikanakili folda za wateja. Nikaangalia nafasi ya diski. Nikamaliza masasisho madogo ya 22.04 yaliyokuwa yamelala. Nikachomeka mashine na kioo kwenye UPS, printa nikaiacha ukutani, maana printa ya leza ikipasha moto inainyonya UPS ndogo mara moja. Simu nikaiunga kwa waya, itoe mtandao. Nikatoka kabisa kwenye akaunti ya desktopu, nikaenda konsoli ya tatu, `sudo do-release-upgrade`, amri ya kupandisha toleo. Hiyo amri ina akili: inajifunga yenyewe ndani ya programu inayoitwa screen, hivyo hata ukitupwa nje unarudi unaikuta inaendelea. Video ya kijana haikusema hilo.

Kuanzia hapo saa sikuziangalia tena. Kushusha kulikula karibu giga moja na nusu, na mtandao mchana ule ulikuwa wa kubembeleza. Mama ntilie akapita na wali maharage, nikala nimeegemea kaunta, jicho kwenye mistari.

Mama akanitazama. "Sasa fundi, umekaa tu. Si bora ungeondoka ukarudi jioni?"

Nikamwambia ngoja. Haikupita muda mistari ikasimama. Swali: faili la mipangilio ya printa limebadilishwa na mtumiaji, uweke jipya la mtengenezaji au ubaki na lako? Kijana akanyoosha kidole kwenye Y, yaani weka jipya. Nikaushika mkono wake hewani. Y ilikuwa inafuta mipangilio yote niliyoandika ili kompyuta zote mbili zitumie printa moja. Nikabonyeza D kuona tofauti, kisha N, nibaki na langu. Ningekuwa nimeondoka, ingekaa hapo hadi jioni ikisubiri jibu, au ingejibiwa na kijana.

Na kisha umeme ukakatika.

Duka lote giza, UPS inalia pii, pii. Mashine inaendelea kupanga vifurushi. Nikanyoosha mkono nikazima kioo, kipunguze mzigo.

"Umezima! Fundi, umezima kompyuta yangu!"

"Mama, nimezima kioo tu. Sikiliza feni."

Akainama, sikio kwenye boksi, wateja wanamtazama. Feni ilikuwa inanguruma. Hakuamini sana. Kijana akakimbia kwa kinyozi wa jirani mwenye jenereta, wakavuta waya mrefu kupitia dirishani, tukahamishia UPS huko kabla haijachoka. Mafuta ya jenereta alilipa mama, na alinikumbusha hilo hadi mwisho.

Kazi iliisha giza limeingia. Nikakubali vifurushi vilivyopitwa na wakati viondolewe, nikawasha upya, nikaingia, nikaprinti ukurasa mmoja kutoka kila kompyuta.

Ikaja hela. Tulipatana elfu 40 kwa mbili. "Hii ya pili hujaigusa, ilikuwa inajifanya yenyewe," mama akasema. Nikamwambia ya kwanza nayo ilijifanya yenyewe, ndiyo maana nimeitwa. Kijana akacheka, akatazamwa, akaacha. Mama akatoa elfu 35, tano akakata ya mafuta ya jenereta. Sikuwa na nguvu ya kubishana, na baridi ilishaanza kupenya kwenye jaketi.

Niko ndani ya bajaji, simu. Mwalimu wa Uyole.

"Fundi, hii kitu imeandika asilimia 30 tangu muda ule. Nadhani imeganda. Nizime niwashe?"

"Mwalimu, usizime."

"Hata kidogo?"