Siku Moja Kati ya Mazuku na Nyiragongo

Saa 12 asubuhi nilikuwa Bulengo, magharibi mwa mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, jua likiwa bado halijapata nguvu. Kazi yangu ni kuwaelimisha watu kuhusu ardhi wanayoishi juu yake, na mahali pa kuanzia, kwa maoni yangu, si kilele cha volkeno ya Nyiragongo bali mashimo haya ya kando ya Ziwa Kivu, ambamo mazuku huua hata volkeno ikiwa imetulia. Mazuku ni hewa iliyojaa kaboni dioksidi inayopenya kutoka chini kupitia nyufa za miamba. Haina rangi wala harufu, na kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu hivi, hutuama bondeni usiku usio na upepo. Nilisimama ukingoni, nikashusha kipimo cha gesi kwa kamba, nikaandika nilichosoma. Chini kulikuwa na mbuzi aliyekufa, nami nikawasihi wenye mbuzi wamwache palepale, kwa maana anayeteremka kumtoa anaweza kufa kando yake.

Saa 3 niliingia darasani, katika shule moja ya Keshero. Ndani ya beseni la kioo nilisimamisha mishumaa miwili, mmoja mfupi na mwingine mrefu, kisha nikachanganya siki na bikaboneti pembeni mwa beseni ili zitoe kaboni dioksidi. Mshumaa mfupi ulizimika kwanza. Darasa lilikaa kimya, hadi msichana mmoja wa dawati la mbele akauliza: «Mwalimu, basi mtoto anakufa kabla ya mama yake?» Nilimjibu kwamba ndivyo ilivyo, kwa sababu pua ya mtoto iko karibu zaidi na ardhi, na ndiyo maana mpira ukitumbukia shimoni hauokotwi, wala mtu haegemei wala halali mahali pa chini. Tulirudia jaribio kila aliyetaka alipoomba. Swali lile lilifundisha kuliko maelezo yangu yote.

Saa 7 mchana nilikuwa Buhene, kaskazini mwa mji, mahali palipofikiwa na lava tarehe 22 Mei 2021. Mzee mmoja alitaka kujua kwa nini lava haikufurika kutoka juu. Nilimweleza kwamba mlima hupasuka ubavuni, kama ulivyofanya mwaka 1977 na tena tarehe 17 Januari 2002, lava ilipopita kiwanja cha ndege na katikati ya mji hadi ziwani. Na kwa kuwa lava ya Nyiragongo ina silika kidogo sana, yaani madini yanayoifanya lava iwe nzito kama uji, ni majimaji na hukimbia mno. Mwaka 2021 mitetemo iliyotangulia ilianza chini ya saa moja kabla ya mlipuko. Kwa hiyo kila familia inapaswa kuijua njia yake ya kuondokea tangu sasa, pamoja na atakayembeba bibi asiyeweza kutembea.

Saa 10 jioni nilijibu maswali redioni. Wengi waliulizia gesi ya Ziwa Kivu, wakikumbuka Ziwa Nyos la Kameruni, ambako gesi iliua watu wapatao 1,700 mwaka 1986. Kivu lina kaboni dioksidi ya kilomita za ujazo 300 hivi na methani 60 hivi, zilizoyeyuka kilindini na kushikiliwa na uzito wa maji ya juu. Lava ya 2002 iliingia ziwani bila kuvuruga tabaka hizo za chini. Hatari ni ya kweli, nilisema, lakini hatari ya mazuku yaliyo jirani nawe ni ya usiku wa leo.

Saa 1 usiku kiongozi wa nyumba kumi wa Bulengo alinipigia simu: familia mbili zilizofika karibuni zilikuwa zimetandaza turubai ndani ya bonde nililolipima asubuhi. Tulikubaliana zihamie darasa lililo juu ya mteremko kabla ya kulala, naye akatuma vijana wabebe vyombo huku yeye akipaka rangi nyekundu mawe ya ukingoni.