Bangili za mama zilivyotoka kabla ya MRI

Mamangu alianza kwa kushindwa kujitanda leso. Mkono wa kulia ukifika usawa wa bega unakwama, na usiku halalii ubavu ule. Eksirei ilipigwa, mifupa ikaonekana mizima. Daktari akaandika MRI, kipimo cha kupiga picha za ndani ya mwili: eksirei ni ya mifupa, ilhali kano, misuli na gegedu huonekana vizuri kwenye MRI.

Hofu ya mama ilikuwa mionzi. Hiyo niliimaliza haraka, maana MRI haitumii mionzi ya eksirei. Ni sumaku kali na mawimbi ya redio. Kumbe sumaku ndiyo yenye kazi. Fomu yao ni maswali matupu: una kifaa cha moyo? Umewahi kuwekewa chuma mwilini? Chembe ya chuma imewahi kukuingia jichoni? Mama akajibu la, la, la. Lilipofika suala la mapambo akanyamaza.

Bangili zake za dhahabu hazijatoka mkononi tangu mimi mdogo.

"Dhahabu haishikwi na sumaku," akaniambia, na kweli haishikwi. Lakini sonara huichanganya na madini mengine, na chuma chochote mwilini chaweza kupata joto au kuharibu picha. Basi usiku wa kuamkia siku yenyewe nilimlaza, kiganja juu ya mito, uvimbe upungue. Nikamvisha karatasi ya mkate, ile ya plastiki, mkononi kama glavu, nikaipaka mafuta ya nazi juu, nikakikunja kidole gumba ndani ya kiganja, nikavuta bangili moja moja polepole. Ya mwisho ilimtoa machozi, nami nikalaaniwa kwa mapenzi.

Kipini cha pua, hereni na pini za mtandio vikafuata. Wanja nao tukaufuta, kwani aina nyingine zina chembe za madini. Buibui lina vifungo vya chuma, kwa hiyo hospitalini alipewa gauni lao.

Lililobaki ni woga wa kufungiwa ndani ya mashine, ambayo ni kama bomba kubwa. Kwa bega, mtu huingizwa kichwa mbele. Nyumbani Kibokoni, Mombasa, nilikuwa nimemlaza mkekani, leso machoni, nikagonga sufuria kwa mwiko ili azoee kelele za mashine. Jirani akadhani tuna ngoma. Ilisaidia. Siku yenyewe radiografa alimziba masikio, akampa kipira cha kubonyeza akizidiwa, akamwambia, "Mama, pumua kawaida, ila bega lisitikisike." Alilala humo karibu nusu saa akivuta uradi moyoni, na kipira hakukibonyeza.

Jambo la pesa: mwenye SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, au bima nyingine aulizie idhini mapema, si mezani siku ya kipimo.

Ripoti ilisema kano moja la bega limechanika kwa sehemu. Mjomba akasikia "limechanika", akaanza habari za upasuaji. Tukachukua sidii ya picha, si karatasi tu, tukaenda kwa daktari wa mifupa mwingine. Huyu alizifungua picha mwenyewe, kisha akaushika mkono wa mama akaujaribu kila upande. Alitueleza kwamba watu wazima wengi wana michaniko kama hiyo na wala hawaumwi, hivyo picha peke yake haiamui. Mama ameanza na fizio, yaani mazoezi ya viungo. Upasuaji utazungumzwa ikiwa mkono utazidi kukosa nguvu. Mama sasa hutambaza vidole ukutani kila jioni akingojea adhana ya magharibi, na kujitanda anaweza, ingawa bado kwa kununa.